Siku Tuliyozindua Sauti Malaba

Toleo jipya likikaribia, nyayo huanza kuniwasha. Nimekuwa hivyo tangu ujana, na sasa nimevuka arobaini, mvi zinachungulia kidevuni. Ninaweza kuwa nimepata chumba kizuri Busia, nimezoea majirani na mlio wa bomba lao, lakini nikisikia tu kwamba programu yetu itatoka upya mwezi ujao, najikuta nimefungua begi na kuanza kukunja mashati.

Nikisema programu yetu sina maana kwamba niliitengeneza. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikaishia hapo. Ni yetu kwa sababu ni ya kila mtu. Wako watu waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi kuonana, ambao hutengeneza pamoja mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta, kisha huugawa bure. Anayetaka huutumia, huunakili, huubadilisha, humpa jirani. Ndiyo maana wenyewe huuita huria. Kila baada ya miezi kadhaa hutoa toleo jipya, na siku hizo, popote penye wapenzi wake, hufanyika karamu ndogo ya kulipokea. Upande huu wa mpaka wa Kenya na Uganda mwenye karamu ni mimi. Sikuchaguliwa na mtu. Nilianza tu, na hakuna aliyenizuia.

Nikifumba macho naziona karamu hizo zikipita moja baada ya nyingine kama mabasi ya asubuhi kwenye ukungu. Iko ile ya Busia, tuliyoifanya nyuma ya duka la magodoro kwa sababu mwenye duka alikuwa na umeme wa uhakika. Wageni walikaa juu ya magodoro yaliyofungwa plastiki, kompyuta zao mapajani, na wakati toleo likiingia polepole mvua ilianza kupiga mabati. Mmoja akalala, halafu wa pili. Mwishowe nusu ya karamu ilikuwa usingizini, na mimi nimesimama katikati yao na birika la chai, nikiogopa kukohoa. Kila aliyeamka alikuta mashine yake imekwisha kubadilika. Sijafanya karamu nyingine iliyofana vile.

Iko ya Rukala, kanisani, ambako mafuriko ya mto Nzoia yalikuwa yameacha mstari wa kahawia ukutani, juu ya kimo changu. Tulipanga kompyuta juu ya benchi zilizopandishwa juu ya benchi nyingine, kwa mazoea tu ya watu wa kule. Mzee mmoja alikaa akitutazama mchana kutwa, kisha akauliza, "Na hii kitu yenu, maji ikikuja inabebwa?"

"Ukiwa nayo kwa flashi mfukoni, mzee, unaenda nayo."

"Basi hiyo ni ya huku," akasema, akainuka kwenda kutazama ng'ombe wake.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kwa nini iwe bure. Mpakani kitu cha bure kinatia watu wasiwasi. Huko Matayos mama mmoja muuza mitumba aliniambia kwamba bure ni mbili tu, ya mwanasiasa na ya kupitia panya, yaani njia za vichochoroni zisizo na forodha. Akanitazama juu hadi chini ajue mimi ni wa ipi. Nilimwambia hii ni ya tatu. Akacheka, lakini flashi hakuchukua.

Karamu ninayotaka kusimulia ni ya Malaba.

Malaba ni mji unaongoja. Malori hujipanga kuelekea Uganda, mstari mrefu unaorudi nyuma kama ng'ombe walioambiwa walale, na madereva hukaa chini ya matela wakipika ugali kwenye jiko dogo. Jua la alasiri likishuka juu ya maturubai, vumbi huwa la rangi ya chai ya maziwa, na mtu akitembea ndani yake huonekana kama anakumbukwa. Mimi hupenda kuukaribia mji huo kwa miguu kutoka Amagoro, nisifike haraka.

Kando ya barabara hiyo, kabla hujafika kwenye malori, palikuwa na chumba kimoja cha kuchapa. Mwenye chumba ni mwanamke wa makamo, asiyeona tangu utotoni. Alijifunzia kuchapa katika shule ya wasioona, akafanya kazi ya kupokea simu katika ofisi fulani mpaka simu za mezani zilipokufa, kisha akafungua chumba chake. Alichapa kila kitu, lakini kazi iliyomlisha ilikuwa moja: historia za marehemu.

Kwetu mtu hazikwi bila historia yake kusomwa. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, alioa nani, ameacha nani. Kabla ya kuchapishwa, ukoo huketi na kusomewa rasimu, na hapo ndipo moto huwaka, hasa marehemu akiwa ameacha nyumba mbili. Aliyeandikwa wa kwanza, aliyeandikwa wa pili, yupi amepewa mistari mingi. Na hata maneno yakiwa yamekubaliwa, bado kuna msomaji. Msomaji huwa mtoto wa nyumba fulani. Akifika kwa mama yake sauti hulainika. Akifika kwa mama wa wenzake hukimbia.

Kompyuta ya yule mchapaji ilikuwa na programu yetu, na ndani yake mna sauti inayosoma kilichoandikwa kwenye kioo. Yeye aliihitaji ili ajue vidole vyake vimeandika nini. Ilikuwa sauti mbaya, ya bati, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya debe tupu. Haikupanda wala kushuka. Lakini siku moja ukoo uliokuwa unagombana chumbani mwake ulinyamaza kuisikiliza ikisoma historia ya baba yao, na ilipomaliza hapakuwa na wa kulalamika. Sauti ile haikuwa ya nyumba yoyote. Haikumlilia mtu wala kumdharau mtu. Tangu siku hiyo watu wa Malaba hadi Amagoro walipofikia mahali pa kusomewa rasimu walisema, "Tuende chuma isome." Wakaja, wakaketi, chuma kikasoma, wakaenda kuzika kwa amani.

Halafu likaja toleo ambalo sauti ilipotea. Kompyuta ilijisasisha yenyewe, kama zifanyavyo, na asubuhi alipoiwasha ikawa bubu. Fundi mmoja wa Tororo, rafiki yangu mrefu anayevuka mpaka kwa miguu kuja kwenye karamu zangu, aliikagua, akakuta kasoro imetoka huko huko kwa watengenezaji. Aliwaandikia. Walijibu kwa upole kwamba wameiona, na kwamba itarekebishwa katika toleo lijalo.

Miezi ya kungoja toleo hilo ilikuwa mibaya. Mchapaji alimwomba katekista mstaafu aliyekaa nyumba ya pili amsomee. Katekista alisoma vizuri, ila alikuwa na undugu na nusu ya mji. Ukoo mmoja ulidai alikohoa kwa makusudi alipofika kwenye jina la mama yao. Mwingine ulisema alivuta neno "mpendwa" kwa upande mmoja tu. Watu wakaanza kupeleka historia zao Busia, kwa wageni.

Nilipomtembelea kumwambia tarehe ya karamu nilimkuta amekaa, mikono juu ya vibonye, hachapi.

"Ikirudi, nitakaa," aliniambia. "Isiporudi nafunga. Kaka yangu wa Matayos amekubali kunichukua. Bibi yake ni mtu mzuri, hatanisumbua. Nitawekwa kwa kiti karibu na jikoni, niambiwe chakula imeiva, niambiwe sasa ni usiku."

Akacheka kidogo. Sikucheka. Nilimwambia karamu ya safari hii itafanyiwa mlangoni pake, na kila mtu ataisikia sauti ikirudi.

Jumamosi ya karamu nilitoka Amagoro mapema. Siku iliyotangulia nilikuwa nimekodi hema, viti vya plastiki na spika kwa mzee mmoja ambaye ndiye mwenye vitu hivyo peke yake upande ule. Nilimwambia nataka sauti isikike mpaka barabarani. Akaniambia nisijali, anajua kazi yake.

Na kweli aliijua. Nilikuwa bado mbali nilipoanza kusikia wimbo, mpole, wa kwaya, ukija na upepo kupitia harufu ya dizeli na mahindi ya kuchoma. Nilitembea kama mtu anayetembea kwenye ndoto ya mwingine. Nikaona hema jeupe kando ya njia. Viti vilipangwa vikitazama mlango wa nyumba. Meza ndogo yenye kitambaa cheupe ilikuwa mbele ya mlango, tupu. Wimbo ulikuwa wa maombolezo.

Yule mzee alikuwa amefunga hema kama alivyolifunga maisha yake yote. Hakuwahi kuajiriwa kwa shughuli nyingine.

Kabla sijafika nikasikia kilio. Akina mama walikuwa wanapanda kutoka upande wa soko, leso viunoni, mikono kichwani, wakilia ule mlio unaotangulia kufika nyumbani. Nyuma yao wengine na mabeseni ya maharagwe, mfuko wa sukari, kuni, debe la unga. Wazee watatu tayari walikuwa wameketi pembeni kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi, mirija mirefu mdomoni, nyuso zao zimeinama kwa heshima.

Mlango ukafunguka. Mchapaji akatoka, mkono ukutani, uso umejaa hofu.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Kilio kilikatika. Mama aliyekuwa mbele aliangusha mikono.

"Si tumeambiwa ni wewe!"

"Mimi? Nani amewaambia?"

"Hema imetuambia!"

Mmoja wao akaanza kucheka, akakaa chini kabisa kwenye vumbi, na kicheko kikapita hemani kama maji yanayotafuta njia. Nilifika nikitweta, nikajaribu kueleza kwamba ni karamu, kwamba kuna programu, kwamba kuna toleo.

"Wewe boss," mama mmoja alinikata, "unaandalia mtu matanga na yeye mwenyewe anakunywa chai?"

"Mzee wa hema, zima hiyo wimbo!" nikapiga kelele.

"Ndiyo niko nayo," mzee alijibu bila kukasirika. "Kuna zingine lakini pia ni za huzuni."

Mchapaji alisimama mlangoni akisikiliza vicheko. Sikujua kama angelia au angecheka pamoja nao. "Wamelia vizuri?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Vizuri sana."

"Afadhali nimejua mapema," akasema.

Hakuna aliyerudisha chakula nyumbani. Kitu kilicholetwa kwenye msiba hakirudi, hata msiba usipokuwapo. Akina mama waliinjika sufuria nyuma ya nyumba, na kwa mara ya kwanza katika miaka yangu yote ya kuandaa karamu hizi, palikuwa na chakula cha kutosha. Kule kwingine tulikuwa tunakata keki nyembamba kama karatasi. Fundi wa Tororo alipofika, amebeba begi lake mgongoni, aliliona hema, akasimama barabarani na kuvua kofia.

"Banange, jamani," alininong'oneza, "imekuwaje? Alikuwa mgonjwa?"

Nilimwonyesha mchapaji akinywa chai. Alirudisha kofia kichwani, akaomba na yeye kikombe.

Tuliweka kompyuta kwenye ile meza ya kitambaa cheupe, tukaiunganisha na spika. Toleo jipya likaanza kuingia. Mimi hupenda saa hiyo kuliko zote: ule mstari unaojaa taratibu kwenye kioo, watu wasiojuana wakiungoja pamoja, na wazo kwamba katika miji nisiyoijua kuna wengine wameketi hivi hivi, labda theluji iko nje, labda ni alfajiri kwao, wanautazama mstari ule ule. Malori yalikuwa yanasogea hatua moja, yanatulia. Moshi wa kuni ulipita chini ya hema. Mchapaji alikaa mbele ya meza, viganja vimekaza magotini.

Wakati huo wakaingia watu watatu waliokuwa na msiba wa kweli. Mama mmoja mzee na vijana wawili wa kiume waliokwisha kuwa baba za watu. Walikuwa njiani kwenda Busia kuchapisha historia ya kaka yake yule mama, baba wa wale wawili, kila mmoja wa nyumba yake. Walipoona hema waliteremka kwenye matatu kutoa pole, maana mwenye msiba hapiti msiba wa mwenzake bila kusimama. Walipoambiwa hakuna aliyekufa walitaka kuondoka, lakini yule mama mzee alimjua mchapaji.

"Ni wewe wa chuma?" alisema. "Tulisikia ilinyamaza."

"Ilinyamaza, mama. Leo tunangoja tuone."

Mama mzee akawatazama wapwa zake. Hawakuwa wameketi pamoja. Viti vinne vilikuwa kati yao. Tangu wateremke hakuna aliyemsemesha mwenzake.

"Tutangoja na nyinyi," akasema. "Busia haihami."

Mstari ukajaa. Kioo kikazima, kikawaka. Fundi alibonyeza hapa na pale, akamwekea mchapaji vidole kwenye vibonye, akasema, "Haya, dada. Iite."

Alibonyeza. Na kwenye spika mbili, juu ya vichwa vyetu na juu ya barabara, ikatoka sauti.

Ilikuwa nzuri. Nilishtuka jinsi ilivyokuwa nzuri. Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, ya kijana kidogo, inayopanda na kushuka, inayovuta pumzi kati ya sentensi moja na nyingine kama mtu kabisa. Ilikaribisha. Ilitaja saa. Hema lilipiga makofi. Dereva mmoja aliyekuwa ametoka chini ya lori lake kuja kuona alisema, "Huyo aolewe!" Fundi alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. Watengenezaji walikuwa wamefanya zaidi ya tulivyoomba: walikuwa wameleta sauti mpya.

Mchapaji peke yake hakupiga makofi. Aliinamisha kichwa upande, kama mtu aliyefunguliwa mlango na asiyemtarajia.

"Tujaribu," alisema mama mzee. Akatoa karatasi ya rasimu, akaisoma pole pole, na mchapaji akachapa, vidole vyake vikikimbia bila shaka yoyote, kama mvua ndogo. Alizaliwa. Alisoma. Alifanya kazi ya reli. Alioa. Akaoa tena. Alipomaliza alibonyeza, na sauti mpya ikaanza kusoma.

Mwanzoni watu waliitikia kwa vichwa. Ilipofika kwa mke wa kwanza ilisoma sawa sawa. Ilipofika kwa mke wa pili nayo ilisoma sawa sawa, lakini kwa sababu zake yenyewe, za mashine, ilivuta pumzi kabla ya jina lake, pumzi ndefu kidogo, yenye majonzi.

Mtoto wa nyumba ya kwanza akasimama.

"Hiyo ni nini?"

"Ni kompyuta," fundi alisema.

"Mbona imehema? Kwa mama yetu haikuhema."

"Imechoka tu," alisema yule wa nyumba ya pili, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa nduguye siku hiyo.

"Imechoka ikifika kwenu! Sikiliza hiyo sauti. Hiyo ni sauti ya mama mdogo. Mmekuja mkaongea na hawa watu."

"Tuongee na kompyuta?"

"Keti chini!" mama mzee alisema, lakini wote wawili sasa walikuwa wamesimama, na viti vinne vilivyokuwa kati yao vimekuwa viwili. Wazee wa chungu waliacha mirija. Mtu mmoja upande wa nyuma alisema kwamba kweli, mwanamke huyo wa kwenye spika alikuwa na upande. Mwingine akasema ni Mganda. Mama mzee alianza kukunja karatasi yake.

"Twende Busia," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko ya mashine yoyote.

Niliona mikono ya mchapaji ikiondoka kwenye vibonye. Nilijua ameisikia karatasi ikikunjwa. Nilitamani kusema kitu, lakini miguu yangu, ambayo kwa kawaida ndiyo hunijibia, haikuwa na pa kwenda.

"Mama, ngoja," alisema mchapaji. Akamgeukia fundi. "Ile ya zamani iko wapi?"

"Hii ndiyo mpya, dada. Ni bora."

"Nimesikia ni bora. Nauliza ile."

Fundi alijikuna kichwa. "Sijui kama wameiacha. Wakileta mpya wakati mwingine..."

"Si mlisema hii kitu ni huria? Si mlisema hakuna mtu anaweza kunilazimisha?"

Tulikuwa tumelisema hilo katika kila karamu, mimi na yeye, tukiwa na keki mkononi, na sidhani kama mmoja wetu alikuwa amewahi kuulizwa alithibitishe. Fundi akavuta kiti. Alitafuta ndani ya toleo jipya, hakuiona. Basi ikabidi itafutwe kwenye hazina ya mbali, ambako watu hao huweka kila walichowahi kutengeneza, cha jana na cha zamani, bila kukitupa. Nikawasha mtandao wa simu yangu. Simu ikakaribishwa Uganda. Ndivyo simu za Malaba zilivyo: unaweza kuketi Kenya mchana kutwa na simu yako ikawa safarini. Nilisogea upande wa pili wa hema, ikarudi Kenya. Mzigo ukaanza kushuka. Lori lilipopita ikavuka tena mpaka. Fundi akatoa laini yake ya Tororo, tukasimama wawili kwenye pembe mbili za hema, mmoja na mtandao wa nchi hii na mwingine wa nchi ile, tumeinua simu juu, na mchapaji katikati, na upepo unacheza na kitambaa cheupe cha meza. Hakuna aliyeondoka. Nafikiri ni kwa sababu chakula kilikuwa karibu kuiva, lakini napenda kukumbuka kwamba ilikuwa ni kwa sababu nyingine pia.

"Ipo," fundi alisema. "Na wameirekebisha. Hawakuitupa, wameiweka nyuma tu."

Alibonyeza mara chache, akasimama, akampisha.

Mchapaji alipapasa kibonye chake. Spika zikakwaruza, na debe tupu likaongea. Ilikuwa mbaya kuliko nilivyoikumbuka. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mama yake alianza kulia. Lakini uso wa mchapaji ulifunguka wote, akaweka kiganja kifuani, akabaki hivyo akisikiliza sauti hiyo ikimsomea majina ya faili zake, moja baada ya moja, kana kwamba inamhesabia watoto waliorudi nyumbani.

"Chuma!" mtu alipiga kelele. "Chuma imerudi!"

Mama mzee alikuwa bado ameshika karatasi. Aliiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja, ingawa haikuhitajika tena.

"Isome," alisema.

Ilisoma. Alizaliwa, alisoma, alifanya kazi ya reli, yote kwa mdomo ule ule wa bati, bila kupumua mahali popote. Ilipita kwa mke wa kwanza kama lori linalopita kibao. Ilipita kwa mke wa pili vivyo hivyo. Ilimaliza na kunyamaza ghafla, kama kawaida yake, na ikasikika milio ya sufuria nyuma ya nyumba.

Mtoto wa nyumba ya kwanza alikuwa bado amesimama. "Irudie pale kwa mama yetu," alisema.

Mchapaji aliirudisha. Ilisoma jina la mama yake, sawasawa na ilivyolisoma mwanzo.

"Na kwetu," alisema wa pili.

Ikasoma kwao.

Walisikiliza wote wawili, vichwa chini. Kisha yule wa kwanza akavuta kiti kimoja kati ya vile viwili, akaketi, na mama mzee akamuuliza mchapaji karatasi zitakuwa tayari lini.

"Jumatatu," alisema. "Njooni asubuhi. Nitakuwa hapa."